Je, Mshahara Huu Watosha Jamaa?

Mtu apatapo kazi, huulizwa maswali mawili. Rafiki zake humwuliza: «Utalipwa kiasi gani?» Mke wake humwuliza jingine: «Fedha hizo zitatufikisha tarehe ngapi?» Swali la kwanza hujibiwa na karani kwa kalamu yake. La pili hujibiwa na chungu jikoni. Sisi twaona ya kuwa swali la mama ndilo lenye hekima zaidi. Katika Kongo yetu, na hasa huku Katanga kwenye shaba, historia nzima ya kazi ya mshahara yaweza kusomwa kwa kulifuata swali hilo moja.

Kompani ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza ikayeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Siku zile watu waliandikwa kazi kwa miezi michache tu. Wengi walitoka mbali, hata ng'ambo ya mpaka katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Walikuja bila wake wala watoto, wakalala katika vibanda, wakala vibaya, na magonjwa yakawaua wengi. Mshahara wao ulipimwa kwa mtu mmoja, tena kama kijana asiye na mzigo wowote. Jamaa yake, walisema mabwana, yakaa kijijini na kula mashamba yake. Maana yake ni kwamba mama wa kijijini ndiye aliyelipa sehemu ya mshahara huo kwa jembe lake, wala hakuna karani aliyeliandika jina lake katika daftari.

Karibu na mwaka 1928 desturi ikabadilika. Kompani ikaanza kuwaandika watu kwa miaka mitatu, ikawaruhusu kuja na wake zao, ikajenga makambi yenye nyumba za matofali, hospitali za kuzalia, na masomo ambayo wamishenari waliyaongoza. Mkuu wa mambo ya wafanyakazi weusi alikuwa mganga, Léopold Mottoulle, naye alifikiri kiganga: mtu akila vizuri atafanya kazi vizuri, na mtoto akikua vizuri kambini atakuwa mfanyakazi wa kesho. Wengi huitaja siasa hiyo kuwa wema. Wema ulikuwamo, hatukatai, na watoto wengi waliponywa ambao wangalikufa. Lakini sababu ya kwanza ilikuwa hesabu. Kuleta mtu mpya kila mara, kumfundisha, kisha kumzika, kulikuwa ghali kuliko kumtunza yule aliyekwisha kuzoea. Jamaa ilipata chakula kwa sababu chakula kilikuwa rahisi kuliko mtu mpya.

Chakula hicho ndicho posho, na wazee wa Katanga hawajalisahau jina hilo. Unga, nyama au samaki, maharagwe, mafuta, chumvi: mume na sehemu yake, mke na sehemu yake, kila mtoto na sehemu yake. Siku ya posho mama alishika kikapu akaingia katika mstari. Yafaa tuseme wazi kwamba wamama wengi waliipenda posho kuliko fedha. Fedha huweza kupotea njiani, kati ya mlango wa kazi na mlango wa nyumba. Lakini mfuko wa unga hauingii mahali pa bia. Hapo ndipo mshahara ulipohesabiwa kwa jamaa nzima kwa mara ya kwanza, na anayeidharau posho bila kuufikiri ukweli huo hawajui wamama.

Hata hivyo posho ilikuwa na ubaya wake, nao haukuonekana siku ya kula, ulionekana siku ya taabu. Anayekupa chakula badala ya fedha amekwisha kukuamulia utakula nini. Nyumba ni yake, shule ni yake, hospitali ni yake. Ukifukuzwa, hupotezi mshahara tu. Wapoteza paa, dawa na chungu siku ile ile. Watu waliliona jambo hili kati ya mwaka 1930 na 1932, bei ya shaba ilipoanguka duniani pote, na maelfu ya wafanyakazi wakarudishwa makwao. Hawakuwa na neno la kusema, maana aliyepewa kila kitu hana mkononi kitu cha kushindania.

Neno likasemwa mwaka 1941. Vita vya Ulaya viliitaka shaba kwa wingi, kazi ikazidi, na bei za nguo na vitu vingine madukani zikapanda, lakini mshahara haukuzifuata. Mwezi wa Desemba watu wa Jadotville, yaani Likasi ya leo, na wa Elisabethville, yaani Lubumbashi, wakaacha kazi. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, na msemaji wao alikuwa karani mmoja jina lake Léonard Mpoyi. Askari walifyatua risasi. Mpoyi aliuawa, na pamoja naye watu wengi. Hesabu ya serikali na hesabu ya watu wa makambi hazikupatana hata kidogo. Ndugu msomaji akipita karibu na uwanja huo, na akumbuke ya kuwa watu wale hawakuomba mali ya bwana. Waliomba franka chache tu, ili mshahara ufike mwisho wa mwezi kama ulivyofika kabla ya vita.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo posho haikuweza kulifunika. Fundi mweusi na fundi mweupe walisimama mbele ya tanuru moja, na mshahara wa mmoja ulikuwa mara nyingi kuliko wa mwenzake. Mtu aweza kustahimili sahani ndogo. Kustahimili sahani ndogo karibu na meza kubwa ni kazi nyingine. Uhuru ulipofika mwaka 1960, wengi walitumaini ya kuwa meza itafanywa moja. Kumbe, mara tu baada ya kuchaguliwa, wajumbe wa Bunge jipya walikubaliana kuupandisha mshahara wao wenyewe kutoka franka 100,000 kwa mwaka mpaka franka 500,000, naye Patrice Lumumba, waziri mkuu, akalipinga jambo hilo bila kusikilizwa. Siku chache baada ya uhuru askari waliasi kambini, na katika malalamiko yao mshahara na cheo vilikuwamo. Hatusemi ya kuwa kosa la Bunge ndilo lililoleta maasi. Twasema tu kwamba meza kubwa ilibaki mahali pake, wakabadilika walioketi.

Tangu mwanzo wa mwaka 1967 kompani ya shaba ikawa mali ya Taifa, ikaja kuitwa Gécamines. Makambi, hospitali, shule na unga wa kila mwezi viliendelea, na katikati ya miaka ya 1980 shaba iliyotoka ilikaribia tani nusu milioni kwa mwaka. Kisha yakafuata yale tuyajuayo: mashini zilizochakaa bila kutengenezwa, fedha zilizochotwa na wakubwa, kuporomoka kwa shimo la Kamoto mwaka 1990, na ghasia za miaka iliyofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 haikutoka hata tani 30,000 kwa mwaka. Watu walikwenda kazini na kurudi bila mshahara. Wengine walidai zaidi ya miaka miwili. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 walipewa fedha ya mara moja ili waiache kazi «kwa hiari». Tunaliweka neno hilo ndani ya alama kwa makusudi. Mtu asiyelipwa miaka miwili, akionyeshwa bahasha, hiari yake ni ndogo.

Bahasha zile zililipa madeni, na karo, na matanga. Wengine walinunua gari kuukuu la kuchukulia watu, wengine wakafungua duka dogo, na nyingi za biashara hizo zilikufa mapema. Watoto waliozaliwa katika hospitali ya kompani na kusoma katika shule ya kompani walionekana wakichimba mawe kwa mikono katika mashimo ambayo baba zao waliyachimba kwa mashini. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alitoa kitabu mwaka 2001, na jina alilokipa lasema yote: wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Ndiyo hatari ya kuwa na baba mahali pa mshahara. Baba akifa, warithi hawana hata hati.

Sasa sheria yasemaje? Kwa maneno ni nzuri. Katiba ya mwaka 2006, sehemu ya 36, yaweka wazi kwamba mfanyakazi ana haki ya malipo ya haki yamtoshayo, yeye pamoja na jamaa yake, kuishi kwa heshima ya binadamu. Ni fundisho lile lile la Baba Mtakatifu Leo XIII mwaka 1891, na la Pio XI mwaka 1931 aliyeitaja jamaa kwa jina. Hata amri ya serikali inayoweka mshahara wa chini haitaji mshahara peke yake. Yaweka pamoja mshahara, fedha ya watoto na fedha ya nyumba. Walioandika walilijua swali la mama.

Shida imo katika hesabu. Mwaka 2008 mshahara wa chini kwa siku ulikuwa franka 1,680, karibu dola tatu za siku zile. Kiasi hicho kilikaa miaka kumi bila kuguswa. Katika miaka hiyo kumi franka ilianguka, hata mwaka 2018 zile 1,680 zilikuwa kama dola moja tu. Ndipo kikawekwa kiasi kipya, franka 7,075, yaani dola nne na kitu. Lakini franka haikungoja: mwaka 2024 zile 7,075 zilikuwa zimekwisha kushuka mpaka kama dola mbili na nusu. Mwaka 2025 kiasi kilipandishwa tena hadi franka 14,500, na 21,500 zikaahidiwa tangu mwanzo wa 2026. Tumefurahi. Lakini tazameni mwendo wenyewe: unga wa bukari hupanda kila msimu, na pengine kila juma, hasa mahindi yakikosa kuvuka mpaka wa Zambia, mshahara wa sheria hungoja miaka saba, miaka kumi. Mshahara usiopandishwa hupunguzwa kila mwezi, wala hakuna anayetia sahihi.

Tena sheria ya mshahara wa chini huwafikia wachache, kwa kuwa wengi wa watu wetu huishi kwa biashara ndogo na vibarua. Na hata kwenye mashimo makubwa ya Kolwezi, ambako yatoka sehemu kubwa ya kobalti ya dunia kwa simu na magari ya umeme, mambo yamegeuzwa kwa werevu. Wachunguzi wa mashirika mawili, RAID la Uingereza na CAJJ la Kolwezi, waliyatazama mashimo matano, wakatoa habari zao mwaka 2021. Waliona ya kuwa wafanyakazi 57 kwa kila 100 hawakuandikwa na kompani yenyewe. Waliandikwa na kompani ndogo zinazosimama katikati. Mwenye shimo hulipa kiasi fulani kwa kichwa. Wa katikati hukata sehemu yake. Kinachobaki humfikia mwenye nyundo. Watu wawili huvaa kofia za namna moja na kufanya kazi moja, lakini mmoja ana mganga na fedha ya watoto, mwenzake hana, ijapokuwa sheria ya kazi ya mwaka 2002 yasema ya kuwa kazi sawa yastahili mshahara sawa. Wachunguzi hao walihesabu pia kiasi kilichotosha jamaa ya Kolwezi kuishi kwa heshima, bila kodi ya nyumba: dola 402 kwa mwezi. Wengi wa waliozungumza nao walipata chini ya hapo.

Je, mambo haya ni ya Kongo peke yake? La. Marekani, nchi ya utajiri, mkubwa wa kompani kubwa mwaka 1965 alipata karibu mara 20 ya mfanyakazi wa kawaida. Mwaka 2023, kwa hesabu ya wachunguzi wa Economic Policy Institute, alipata karibu mara 290. Hatudhani ya kuwa wakubwa wale wamekuwa na akili mara kumi na nne kuliko wakubwa wa 1965. Kwa upande mwingine, katika mji mdogo wa Mondragón, nchi ya Hispania, vijana waliofundishwa na padre José María Arizmendiarrieta walianzisha kiwanda mwaka 1956, wakakubaliana ya kuwa wa juu asipate zaidi ya mara tatu ya wa chini. Baadaye kiasi hicho kilipanuliwa, mara sita, na kwa wachache mara tisa, na vimojawapo vya viwanda vyao vimefilisika kama vya wengine. Hata hivyo kipimo kipo, kimeandikwa, na wafanyakazi hukipigia kura. Twawataja ili mtu asituambie ya kuwa pengo la mishahara ni kama mvua, ambayo hakuna aliyeipanga.

Hapa twajua neno litakalotokea, maana tumelisikia mara nyingi: «Mkiwaongeza mshahara, wataunywa.» Au: «Tazama simu aliyonayo, naye alia njaa.» Si neno la bure kabisa. Tumeona jamaa zilizokopa ili kila mtu avae kitenge cha namna moja siku ya arusi, kisha zikala sombe bila mafuta miezi mitatu. Tumeona kijana anunuaye simu ya mshahara wa miezi miwili, wala hana fedha ya kupigia. Twajua mkopeshaji wa mtaani, apokeaye kadi ya benki ya mwalimu kuwa rehani na kurudishiwa mkopo pamoja na nusu yake tena. Wamama husema kweli wakilalamika juu ya bia. Matangazo ya barabarani hayamwonyeshi mtu aliye na mshahara wa franka 14,500. Humwonyesha mtu mwingine, mwenye meno meupe, na watoto wetu hujifunza kumtamani huyo kabla ya kujua kusoma.

Lakini tuulize kwa haki: nani alianza? Mtu akiishi mahali ambapo heshima hupimwa kwa vitu, na ambapo karani asiyevaa vizuri hapewi kiti ofisini, nguo kwake si upuzi. Ni sehemu ya kazi. Pale palipo pengo kubwa kati ya meza mbili, kila mtu hutumia fedha asiyo nayo ili asionekane kuwa wa meza ya chini. Upuzi wa maskini huonekana, kwa kuwa ni simu moja na kitenge kimoja. Wa tajiri umefichwa nyuma ya ukuta, nao ni magari sita. Sisi hatukubali kwamba mshahara uzuiliwe mpaka mfanyakazi awe mtakatifu. Hakuna aliyempima mjumbe wa Bunge bia yake kabla ya kumlipa. Tena wale wanaoweka fedha zao katika likelemba mwezi kwa mwezi, mama mmoja akipokea leo na mwingine kesho, wanajua kuweka akiba kuliko mabenki mengi. Walichokosa ni cha kuweka.

Kuna jambo la mwisho, nalo si la makompani. Mwaka 1965 waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Elisabethville, wale walioitwa «maboyi», waliandikiwa historia ya mji wao kwa Kiswahili na mmoja wao, André Yav. Ni kitabu kidogo, kimeandikwa kama watu walivyosema, nacho chaonyesha jinsi mji unavyoonekana kwa mtu aliyesimama jikoni mwa mwingine. Wakubwa wa jikoni zile wamekwenda. Jikoni zipo, na leo mwenye nyumba ni sisi.

Binti aliyeletwa kutoka kijijini «kumsaidia mama», anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, analipwa nini? Mara nyingi jibu ni lile lile la kambi: anakula, analala, anavikwa, na wazazi wake hutumiwa kitu. Huyo mlinzi wa usiku, aliyeambiwa angoje mpaka mwenye nyumba alipwe, naye ana mke amwulizaye tarehe. Walimu wa watoto wetu, ambao kwa miaka mingi tangu 1990 na kitu wazazi ndio waliowalipa kwa sababu serikali haikuwalipa, wanajua ladha ya mshahara unaotegemea huruma. Sheria ya kazi haikumtoa mtumishi wa nyumbani; yeye pia ni mfanyakazi, naye hulipwa kwa mwezi usiozidi mmoja, tena kwa fedha.

Baba na mama wanaweza kulifanya jambo hili jioni moja mezani. Watwae franka 14,500 za mwaka 2025, wazizidishe kwa siku 26 za kazi: ni 377,000. Watoe chakula na malazi kwa bei ya kweli, si kwa bei ya hasira, kisha watazame kilichobaki na kukilinganisha na kile walichotoa mwezi uliopita. Daftari la shule lililosalia kurasa chache latosha: tarehe, kiasi, sahihi ya anayelipa na ya anayepokea. Na binti akiwa hajui kuandika jina lake, siku hiyo hiyo mmoja wa watoto aketi naye amfundishe, kwa saa za kazi, si baada ya vyombo kuoshwa.